Madai ya Wapagazi na Askari wa Ngara na Biharamulo

Tarehe 24 Juni, 1916, jeshi la Wabelgiji lililotoka Rwanda liliingia Biharamulo, na boma la Wadachi, ambalo kuta zake zingali zimesimama, likapata mwenyewe mpya. Mwezi uliofuata askari wa Wadachi waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Bukoba walipambana na Wabelgiji huko Kato, damu ikamwagika pande zote mbili, na njia ya kwenda Tabora ikafunguka. Tabora yenyewe iliangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba. Mambo haya yameandikwa na watu wengi, na majina ya makamanda waliopita katika nchi hii, Tombeur na Molitor na wengineo, yanapatikana vitabuni bila taabu. Nia yangu siyo kuyarudia. Nataka kuuliza swali ambalo vitabu vile havikulishughulikia sana: mtu aliyevunjika mguu, au aliyepofuka, au aliyerudi na kifua kibovu kutoka katika vita vya serikali, alimwendea nani kudai haki yake? Alichukua hati gani mkononi? Na alipoambiwa kwamba hana dai, alipeleka rufaa yake wapi?

Nimechagua Ngara na Biharamulo kwa sababu swali hili huko lina ugumu ambao halinao mahali pengine. Mtu wa Biharamulo aliyezaliwa, tuseme, mwaka 1890, aliishi chini ya Wadachi, kisha chini ya Wabelgiji, kisha chini ya Waingereza, naye hakuhama nyumba yake hata siku moja. Mtu wa Bugufi, upande wa Ngara, alikuwa na mashaka zaidi, kwa kuwa nchi yake ilihesabiwa kuwa sehemu ya Urundi kabla mipaka haijapangwa upya baada ya vita, ndipo akajikuta raia wa Tanganyika. Kama mtu huyo alibeba mizigo ya Wabelgiji mwaka 1916, deni lake liko Brussels. Kama aliwabebea Wadachi mwaka uliotangulia, deni lake liko Berlin. Na kama Waingereza walimchukua baadaye, deni lake liko London. Miji mitatu hiyo yadaiwa na mtu mmoja asiyejua kusoma, wala hakuna hata mmoja uliokuwa na sababu ya kumtafuta.

Tuanze na wapagazi, maana ndio walikuwa wengi. Vita vya Afrika ya Mashariki vilipiganwa katika nchi isiyo na barabara za magari, na yenye mbung'o wa kuua farasi na ng'ombe. Basi chakula, risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, hata vitanda vya maofisa, vyote vilipita juu ya vichwa vya watu. Wapagazi wa Wabelgiji hukadiriwa kufikia 260,000. Upande wa Waingereza watu wapatao milioni moja walichukuliwa kwa muda mrefu au mfupi. Serikali ya Uingereza yenyewe ilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, naye Geoffrey Hodges, aliyechunguza habari zao kuliko mtu mwingine yeyote, alikadiria hesabu ya kweli kuwa karibu ya 100,000. Waliouawa kwa risasi ni wachache sana katika hesabu hiyo. Watu walikufa kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu, kwa malaria, na kwa unga wa mahindi usioiva walioulishwa pasipo sufuria za kutosha wala nafasi ya kuupika. Aliyetoka nchi ya ndizi alipewa unga. Aliyetoka nchi ya joto alipelekwa penye baridi bila blanketi. Funza walikula vidole vya miguu mpaka mtu asiweze kutembea, na mpagazi asiyeweza kutembea alikuwa si mpagazi tena, bali alikuwa mzigo.

Hapa ndipo dai la kwanza linapokwama. Sheria za fidia, katika nchi zote nilizopata kuzisoma habari zake, hupenda jeraha lenye tarehe. Risasi ina tarehe, na ina shahidi. Kuhara damu hakuna tarehe. Mtu aliyeachwa kando ya njia kwa ugonjwa, akatambaa hadi kijiji cha jirani, akaponea huko, kisha akarudi kwao baada ya mwaka mmoja akiwa ngozi na mifupa, ataonyesha nini mbele ya karani? Atasema alikuwa mzima, na sasa si mzima. Karani atamwuliza: Nani ajuaye?

Waingereza, waliposhika kazi ya kuandika wapagazi, walimpa kila mmoja namba iliyogongwa juu ya kipande cha bati, nacho kikavaliwa mwilini. Kwa nadharia kipande kile kingemwezesha mtu kulipwa mshahara wake popote. Lakini bati hupotea. Na aliyekufa porini hakuwa na mtu wa kulivua na kulirudisha kwa mkewe. Vita vilipokwisha ilionekana kuwa mishahara mingi ya wapagazi haikuchukuliwa na mtu, ama kwa kuwa wenyewe walikwisha kufa, ama kwa kuwa hawakujua waende wapi. Serikali za Kenya na Tanganyika ziliomba fedha ile itolewe, ikiwa haiwezi kuwafikia wenyewe, basi itumike kwa manufaa ya watu wao. Maafisa waliowahi kuwaongoza wapagazi waliidai kwa miaka mingi. London ikakataa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hapa daftari lilikuwapo, na lilikuwa mikononi mwa mdaiwa.

Ni vema msomaji alinganishe. Mwaka ule ule wa 1919, wapagazi walipokuwa wakirejea makwao au wakikosa kurejea, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyompa askari wa Uingereza aliyeumia haki ya pensheni, na pamoja nayo haki ya kupeleka rufaa mbele ya baraza maalumu akinyimwa. Siwezi kusema askari wale walitendewa kwa ukarimu. Wengi wao walilalamika mpaka kufa. Ninachosema ni kwamba walikuwa na mlango wa kubisha. Mpagazi wa Biharamulo hakuwa hata na mlango wa kufungiwa. Kule Dar es Salaam sanamu ya Askari ilisimamishwa mwaka 1927, na maneno yaliyochongwa chini yake yanawataja wapagazi pia kwa heshima. Lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki na singe. Mpagazi ameachiwa maandishi. Jina la soko la Kariakoo, ambalo ni jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi lililokunjwa na ulimi wa Kiswahili, limewatunza vizuri kuliko jiwe lolote, ijapokuwa wanaonunua nyanya pale kila siku hawalijui hilo.

Kuna kisa kimoja ambacho hakina budi kutajwa, kwa kuwa kilitokea Mwanza, mji ambao watu wa Biharamulo waliuendea kwa kila jambo kubwa. Charles Miller alikisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1974, na tangu hapo kimesimuliwa mara nyingi. Mwaka 1964, mwaka aliokufa jenerali Lettow-Vorbeck, Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani wa Wadachi mishahara ambayo hawakupata vita vilipokwisha. Ofisi ya malipo ya muda ikafunguliwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakafika. Wachache tu walikuwa na hati walizopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa, na wengine hawakuleta kitu. Yule mtu wa benki aliyeleta fedha akapata shauri: kila mzee akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kidachi afanye gwaride la silaha. Inasemwa hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa kucheka na kwa kusifu. Mimi nakiri kwamba kina utamu wake, na pengine kimetiwa chumvi njiani. Lakini ukikitazama kwa jicho la mdai utaona mambo mawili. Kwanza, yule mtu wa benki alifanya jambo ambalo ofisi nyingi hazikubali kulifanya: aliukubali mwili kuwa hati. Karatasi imepotea, lakini mkono unakumbuka. Pili, na hili ndilo linalonisumbua, mtihani ule uliwafaa askari peke yao. Mpagazi angepewa ufagio angeufanyia nini? Angefagia. Hakufundishwa gwaride, alifundishwa kubeba ratili 60 na kunyamaza. Mwili wake ulikuwa na kumbukumbu zake, shingo iliyozama mabegani, nyayo zilizopasuka, lakini hapakuwa na amri ya Kidachi ya kuziita kumbukumbu zile zijitokeze. Ndivyo ilivyo katika madai yote: anayechagua aina ya ushahidi amekwisha kuchagua atakayelipwa.

Niruhusiwe hapa niache historia kidogo nitazame maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Malipo apewayo mtu mwishoni mwa utumishi huitwa kiinua mgongo. Sijui lugha nyingine iliyopata jina zuri kama hili kwa jambo hili. Linamwona mtu ameinama kwa muda mrefu juu ya jembe, au chini ya mzigo, na sasa anasaidiwa kusimama wima. Pensheni ni neno la ofisi. Fidia ni neno la kukomboa, nalo linadokeza kuwa kuna kitu kilichokamatwa. Lakini kiinua mgongo ni neno la mwili wenyewe. Kinyume chake ni neno kilema, ambalo zamani lilitumika bila haya, nalo lilimweka mtu katika ngeli ya vitu. Leo twasema mtu mwenye ulemavu, na sheria ya mwaka 2010 imelithibitisha hilo. Wako wanaodharau mabadiliko ya namna hii wakidhani ni mapambo tu. Mimi si mmoja wao. Aliyeitwa kilema aliombewa sadaka, na aliyeitwa mwenye ulemavu anaweza kudai.

Neno la tatu ni rufaa, nalo ni la ajabu kuliko yote. Kwa asili ya Kiarabu ni kuinua, kupandisha. Kiswahili kimelitumia kwa mambo mawili: mtu asiyeridhika na hukumu hukata rufaa kwenda mahakama ya juu, na mgonjwa aliyeshindikana kutibiwa katika hospitali ya wilaya hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Kwa askari aliyeumia mambo haya mawili ni safari moja. Mzee wa Ngara anayelalamikia kipande cha chuma kilichobaki katika nyonga yake hutoka zahanati ya kijiji, akaenda Murgwanza, na kutoka huko anaweza kuandikiwa Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Dai lake nalo hupanda vivyo hivyo, ofisi hadi ofisi. Na rufaa ya kwanza haina budi kutangulia ya pili, maana bila cheti cha daktari dai ni hadithi tu. Hapo umaskini huamua kesi kabla ya hakimu: asiye na nauli ya kwenda kupigwa picha ya mfupa hana ushahidi, na asiye na ushahidi hapati fedha ambayo ingekuwa nauli.

Juu ya vita vya pili vya dunia sitakaa sana. Watu wa Tanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini, wakapigana Uhabeshi, Madagaska na Burma, na kikosi cha 36 cha King's African Rifles, kilichokuwa cha Tanganyika, kilikuwa katika divisheni ya 11 iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na malaria. Tofauti yao na wapagazi wa 1916 ni kwamba hawa waliandikwa: kila mtu alikuwa na kitabu, namba, na jina la mke. Lakini kuandikwa si sawa na kusawazishwa. Mwaka 2019 ilitolewa hadharani hati iliyoonyesha kuwa kiinua mgongo cha vita kilipangwa kwa rangi, hata askari Mwafrika akapata kama theluthi ya alichopewa mzungu wa makoloni mwenye daraja lile lile. Na mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 11.8 kwa ajili ya wakongwe wapatao 7,000 na wajane wao katika nchi za Jumuiya ya Madola, ili kila mmoja aweze kupata milo miwili kwa siku. Msaada ni jambo jema. Lakini msaada hutolewa kwa huruma ya mtoaji, na hauna rufaa.

Sasa tuje kwenye vita ambavyo wapiganaji wake wangali hai. Mwishoni mwa Oktoba, 1978, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera imekuwa mali ya Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Daraja la Kyaka likavunjwa. Vita vilivyofuata vilimaliza utawala wa Amin; Masaka ilitekwa Februari, 1979, Kampala tarehe 11 Aprili, na mapema mwezi Juni majeshi yetu yalifika mpaka wa Sudan. Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambamo Ngara na Biharamulo zilikuwamo, ukapewa jina la Kagera mwaka ule ule.

Jeshi lililoanza na watu wapatao 40,000 lilikuzwa kwa miezi michache hadi kupita 100,000. Waliojazwa humo walikuwa polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa, na mgambo kutoka vijijini, makumi ya maelfu. Wenye kukaa mikoa ya mbali walivisikia vita redioni. Watu wa mkoa huu walivisikia kwa masikio yao, au waliona malori yakipita usiku kuelekea kaskazini. Mgambo ndiye mtu wa kutazamwa katika habari ya madai, kwa kuwa yeye ni mjukuu wa mpagazi kwa maana zaidi ya moja. Askari wa kudumu alikuwa na jalada lake kabla ya vita, na jalada lilimngoja aliporudi. Mgambo alitoka shambani, akapigana, akarudi shambani. Jeraha lake, kama lilitibiwa katika hema la uwanja wa vita, liliandikwa katika daftari la hema lile. Na daftari la hema, vita vikiisha, huenda wapi?

Tazameni hesabu ya waliokufa. Waandishi wa vita hivyo hutaja askari 373 wa Tanzania, na kati yao 96 tu ndio waliouawa na adui. Wengine walikufa kwa ajali na kwa sababu nyingine. Lakini mtu akienda Kaboya, wilaya ya Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo, atakuta makaburi zaidi ya 600. Sioni haja ya kusema hesabu moja ni ya uongo. Hesabu mbili zaweza kuwa za kweli ikiwa kila moja imehesabu kitu chake: moja imehesabu mpaka tarehe fulani, au watu wa namna fulani, nyingine imehesabu miili iliyozikwa mahali pale. Tofauti hiyo ndiyo roho ya kila dai. Je, aliyepinduka na lori akienda vitani amekufa vitani? Aliyeshikwa na malaria Masaka akafia Biharamulo miezi sita baadaye? Mjane wake husema ndiyo. Karani husema tuone karatasi.

Na ikiwa wafu wana mashaka hayo, walio hai wana zaidi. Kuna majeraha yaliyokuja polepole. Mizinga ya roketi iliyotumiwa na jeshi letu, ile ambayo Waganda waliipa jina la saba saba, iliwatisha maadui, lakini haikuwa na huruma kwa masikio ya wenye kuifyatua. Mtu wa miaka 20 akizibwa masikio kwa siku mbili huona amepona. Akifika miaka 60 asisikie tena, ataambiwa ni uzee. Na yako majeraha ambayo wazee wetu hawayapeleki hospitali kabisa: kuamka usiku kwa kelele, kukasirika bila sababu, kujitenga na watu. Vijijini mambo haya hupewa majina mengine, na tiba nyingine. Hakuna anayeyaandika kuwa ni madeni ya serikali.

Mzee mwenye shauri la namna hii leo hupita njia gani? Aliyekuwa askari wa kudumu ana njia iliyo wazi kiasi: pensheni yake hulipwa na Hazina, na mara kwa mara Hazina huwaita wastaafu kwa uhakiki, nao hulazimika kujitokeza na barua zao za ajira na za kustaafu ili ionekane kwamba wangali hai na kwamba ndio wenyewe. Aliyekuwa mgambo huanza kwa mtendaji wa kijiji, akaandikiwa barua, akaenda kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, na huko huulizwa namba yake, kikosi chake, na jina la aliyekuwa kamanda wake. Hayo matatu aliyajua kama jina la mamaye mwaka 1979. Sasa miaka imepita zaidi ya arobaini, kamanda amekufa, na kikosi kilivunjwa siku nyingi. Kwa matibabu, sera ya wazee ya mwaka 2003 imemsaidia: akitimiza miaka 60, na akiwa hana uwezo, hana haja ya kulipa katika hospitali ya serikali. Ni jambo la kushukuru. Lakini angalieni kwamba dirisha la wazee humwuliza umri wake, halimwulizi vita vyake. Anatibiwa kwa kuwa ni mzee maskini. Kwa kuwa alipigana, bado.

Wako watakaosema kwamba serikali haiwezi kumlipa kila mzee anayedai alikuwa Lukaya, maana waongo wangekuwa wengi kuliko wakweli. Hoja hii si ya kupuuzwa; Mwanza mwaka 1964 ilikuwapo pia, ndiyo maana ufagio ukatafutwa. Lakini nchi nyingine zimekwisha kuijibu kwa sheria. Uingereza, katika kanuni za pensheni za mwaka 1943, iliondoa mzigo wa kuthibitisha mabegani mwa askari: palipo na shaka ya haki, shaka hiyo ni faida yake. Marekani nayo ina kanuni kama hiyo katika sheria yake ya wakongwe wa vita; ushahidi wa pande mbili ukilingana, mdai hushinda. Maana ya kanuni hizi ni rahisi. Serikali ndiyo iliyomchukua mtu, ndiyo iliyoshika kalamu na daftari, basi upungufu wa daftari usiwe hasara ya aliyechukuliwa. Nasema hivi nikijua kwamba Waingereza walioitunga kanuni hiyo walikuwa, mwaka ule ule, na Waafrika maelfu jeshini mwao.

Rufaa za watu wa makoloni zimepata kushinda, japo kwa kuchelewa. Ufaransa iliziganda pensheni za askari wake wa Kiafrika mwaka 1959, zisipande pamoja na za Wafaransa. Mwaka 1989 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikubali malalamiko ya askari wa Senegal, na mwaka 2001 baraza kuu la sheria za utawala la Ufaransa lenyewe likaamua, katika shauri la Diop, kwamba ubaguzi ule haukuwa halali. Diop mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Kenya, wazee walioteswa wakati wa Mau Mau walilipwa mwaka 2013, watu 5,228, jumla ya pauni milioni 19.9, na lililowasaidia sana ni masanduku ya karatasi za ukoloni yaliyofichwa Uingereza, yakajulikana hadharani mwaka 2011 kesi ikiwa inaendelea. Miili ya wazee wale ilikuwa na makovu tangu miaka ya 1950. Makovu hayakusikilizwa mpaka karatasi zilipojitokeza kuyaunga mkono.

Karatasi za wapagazi wa Biharamulo hazitajitokeza kwa wingi namna hiyo. Hifadhi ya jeshi la Ujerumani huko Potsdam iliteketea kwa mabomu mwaka 1945, na London iliunguziwa sehemu kubwa ya majalada ya askari wake wa vita vya kwanza mwaka 1940. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika utumishi wa Uingereza wakati wa vita vile, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika ya Mashariki na Misri. Madai yao yamezikwa pamoja nao.

Ya mgambo bado. Kijana aliyevuka Kyaka akiwa na miaka 20 sasa amepita 65, na wenzake wa kikosi kimoja mara nyingi wako vijiji vya karibu, kwa kuwa waliandikwa pamoja. Wakiketi watatu au wanne, mmoja hukumbuka namba, mwingine jina la sajini, mwingine siku ya mvua ambayo fulani alipigwa paja na nani akambeba. Maneno ya watu wanne waliohojiwa mbalimbali, yakilingana, ni ushahidi ambao mahakama yoyote ya nchi hii huupokea katika kesi ya shamba. Chuo chetu hupeleka wanafunzi kila likizo kukusanya methali na nyimbo za mavuno, nao hurudi na madaftari yaliyojaa. Kazi ya kuandika majina, vikosi na majeraha ya wazee wa Rulenge, Nyakahura, Nyamiaga na Kabanga, kila jina na shahidi wake, haiwezi kuwa ngumu kuliko ile, na daftari la namna hiyo, likipigwa mhuri wa kijiji, mshauri wa mgambo anaweza kulisoma mezani pake.